'Mshipa wa fahamu' ni jina linalopotosha

NENO 'mshipa' limebebeshwa mzigo mzito mno. Damu hupita kwenye mshipa. Mbishi hubisha hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mzee wa pwani akilalamika kwamba ana mshipa, huenda anamaanisha ngiri. Juu ya hayo yote, wanaotafsiri makala ya afya wamelitwika jambo jingine: ati ubongo huwasiliana kupitia 'mishipa ya fahamu'. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, wala si kwa uchu wa istilahi mpya.

Kwa msemaji wa kawaida, mshipa ni kitu kirefu, kimeungana mwanzo hadi mwisho, na ndani yake kuna kitu kinachotiririka. Mwambie ubongo umejaa mishipa ya fahamu naye ataona mabomba. Ajabu ni kwamba wanasayansi wenyewe waliwahi kubishania picha inayokaribia hiyo. Camillo Golgi wa Italia aliamini kwamba mfumo huu ni wavu mmoja uliounganika. Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, akitumia mbinu ya Golgi huyohuyo ya kutia seli rangi, aliona seli mojamoja, kila moja na mipaka yake. Waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906, na Golgi akaitumia hotuba yake kuipinga hoja ya mwenziwe! Ushahidi wa baadaye ulimpa Cajal ushindi. Basi kila tunapoiita niuroni 'mshipa', tunamrudisha Golgi kwenye kiti alichokwisha kung'olewa.

'Fahamu' nayo ina kasoro kubwa zaidi. Aliyezirai tunasema amepoteza fahamu, ilhali anapumua na neva zake zinafanya kazi. Au mtazame mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kujua. Mkono huruka kabla hajahisi maumivu, kwa sababu ishara hufika kwenye uti wa mgongo na amri ikatolewa papo hapo. Ubongo huletewa habari baadaye. Sasa hiyo fahamu ilihusika vipi?

Wapo wanaoukimbia mshipa wakaangukia waya. Niuroni, wanatuambia, ni nyaya za stima. Afadhali kidogo, maana umeme upo kweli, lakini si umeme wa nguzoni. Niuroni iliyotulia huwa na chaji hasi ndani ikilinganishwa na nje, tofauti ya takriban milivolti 70. Ikichochewa vya kutosha, vilango vidogo kwenye utando wake hufunguka, chembe za sodiamu zenye chaji chanya zikaingia kwa vishindo, na ndani kukageuka chanya. Kisha vilango hivyo hufungwa, potasiamu hutoka, utulivu ukarudi. Kishindo chote huchukua kama milisekunde moja. Lakini kabla hakijaisha kimekwisha kuamsha sehemu ya jirani ya utando, nayo ikaamsha inayofuata.

Kwa hivyo kama lazima tutafute mfano, mimi ningechukua moto unaotambaa kwenye nyasi kavu. Hakuna anayeubeba moto huo. Kila unyasi huwaka wenyewe na kuuwasha mwenzake. Ndiyo maana ishara hufika mwisho wa safari na nguvu ileile iliyoanza nayo, jambo ambalo waya hauwezi. Tofauti ni kwamba nyasi hizi huota tena mara moja, tayari kuwaka upya. Alan Hodgkin na Andrew Huxley ndio waliotoa hesabu za jambo hili mwaka 1952, wakitumia uzi mnene wa neva ya ngisi. (Ndiyo, ngisi huyuhuyu tunayemla kwa wali.)

Na mwisho wa niuroni umeme wenyewe hukoma, mara nyingi. Pana ufa mwembamba, sinapsi, ambao huvukwa na kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi aliichochea neva iliyoupunguzia kasi moyo wa chura, akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuyatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapungua kasi, bila kuguswa na neva yoyote. Bomba gani hufanya hivyo? Waya gani?

Msomaji atauliza, mbona kelele zote hizi kwa ajili ya jina? Kwa sababu ya kifafa. Kifafa ni pale kundi la niuroni linapofyatua ishara zake kwa pamoja na kupita kiasi. Kiswahili tayari kimetuachia maneno yanayoelekeza kidole nje ya kichwa cha mgonjwa: 'degedege' na 'nyuni', majina ya mtukutiko wa watoto yanayotokana na imani kwamba umeletwa na ndege. Msamiati wa namna hiyo haujengi daraja la kwenda zahanati. Nao 'mshipa wa fahamu' hausaidii, maana mwenye kuona bomba hufikiria kuzibua: atafute wa kukanda, wa kuchanja, au anywe dawa hadi anguko likome kisha aiache, kwani bomba si limezibuka?

Baadhi ya dawa za kifafa huvizuia vile vilango vya sodiamu visifunguke ovyo ovyo. Hazizibui chochote. Zinashika mlango, na akiziacha ghafla, mlango hauna wa kuushika. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa.

Ningependekeza 'niuroni' kwa seli, 'neva' kwa fungu la nyuzi zake, na 'mshipa' ubakie na damu. 'Neva' limo kamusini tangu zamani na limezoeleka madarasani. Anayeogopa kwamba mama wa kijijini hatalielewa akumbuke kwamba mama huyo anasema 'presha' na 'kansa' kila siku, na haulizi yametoka wapi.