Sahani za Santuri na Maneno Yake: Uhakiki wa Mkusanyo Mmoja wa Pande, Kilwa

Wataalamu wetu wamezoea kuutafuta ushairi wa pwani katika hati za Kiarabu zilizowekwa masandukuni, na utafutaji huo umezaa matunda mema. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilitoa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, kazi ya Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, mwaka uliofuata ikatoa Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Kazi hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega huonyesha pengo. Utenzi ulikuwa na hati, basi ukahaririwa. Siti hakuacha hati. Aliacha sahani za santuri, ambazo alianza kuziimbia Bombay mwaka 1928, miaka thelathini kabla ya wasifu wake kupigwa chapa, na sahani hizo hazijapata subira tunayoipa karatasi. Shaaban Robert hana lawama, maana haja yake ilikuwa mwenendo na maisha ya mwimbaji. Lawama ni yetu sisi tuliomfuata, tukadhani kwamba wimbo uliokwisha kuimbwa ndani ya sahani umekwisha kuhifadhiwa.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kabla ya kuendelea. Santuri kwa asili ni ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu. Wazee wa pwani waliliazima jina hilo wakaliita sanduku la gramafoni, na kile kiduara cheusi wakakiita sahani. Siku hizi sanduku limetoweka, na jina lake limehamia juu ya sahani, hata kijana akisema santuri hakusudii cho chote ila kile kiduara. Mimi nitasema sahani ya santuri, kama wasemavyo wenye sahani nilizozisikiliza.

Sahani hizo ziko Pande, kusini ya Kilwa Masoko, katika nyumba ya mzee ambaye sitamtaja jina. Ni kumi na moja. Nyingine zimefungwa katika kipande cha kanga, nyingine katika karatasi za unga wa ngano, na mbili zimevunjika. Sita ni zile nzito za zamani, zilizotengenezwa kwa lakiri, ambazo huzunguka mara 78 kwa dakika. Zilizobaki ni ndogo za plastiki, za mizunguko 45, ambazo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949 na baadaye zikaenea ulimwenguni. Katika zile nzito mna taarabu ya Unguja, wimbo wa Misri, na nyimbo za filamu za Kihindi. Katika zile ndogo mna dansi tupu. Mtu akitaka kujua pwani ya kusini ilisikiliza nini, sanduku hili dogo lamjibu vizuri kuliko vitabu vingi.

Walakini sanduku halikuwa dogo hivyo siku zote. Mzee alinieleza kwamba mnunuzi mmoja alipita kijijini, akazichambua sahani kama mtu achambuaye korosho, akachukua zile zenye majina ya bendi na karatasi safi katikati, akalipa kidogo, akaenda zake. Hakuandika nyimbo gani alizichukua. Mzee hakulalamikia bei. Alilalamika kwamba hakubakiwa na orodha, naye sasa hawezi kuzikumbuka zote kwa majina. Nikamwambia, "Pole, babu." Akajibu, "Pole ya nini, mwanangu? Mwenye kuuza ni mimi."

Habari hii nimeieleza kwa sababu ndiyo desturi ya ukusanyaji katika nchi zetu leo, nayo yataka kuhakikiwa kwa haki. Sahani za Afrika ya Mashariki zina bei kubwa katika magulio ya santuri ya Ulaya na Marekani. Nairobi nako, katika Soko la Kenyatta, kibanda cha sahani kuukuu kimepata sifa hata nje ya Kenya. Wakusanyaji hao wametufanyia mema ambayo hatuwezi kuyakana. Mkusanyo uliotolewa London na Topic Records mwaka 2007, kwa kazi ya Janet Topp Fargion, ulirudisha masikioni nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hata 1950. Na mfululizo wa Zanzibara, ambao Werner Graebner aliufanyia kazi kwa ajili ya Buda Musique ya Ufaransa, umeokoa mengi. Lakini hao ni wachache wenye elimu. Mkusanyaji wa kawaida huipima sahani kwa mambo matatu: uhaba wake, mikwaruzo yake, na gitaa lake. Maneno kwake ni kelele ya kupendeza. Jambo hili si dhambi kwa mtu asiyejua lugha. Ila lina matokeo, nayo ni kwamba sahani yenye shairi zuri na uso uliokwaruzika huachwa Pande ioze, na sahani safi yenye maneno hafifu husafiri hata Paris.

Basi je, sisi wenye lugha tumefanya vizuri zaidi? Sithubutu kusema hivyo. Tumezoea kuandika wimbo wa sahani katika kurasa zetu kama kwamba umeshuka kutoka mbinguni, bila kutaja ni sahani ya kampuni gani, ya nambari gani, ya upande gani. Hakuna mhariri wa utenzi ambaye angethubutu kuficha hati yake namna hiyo. Na sahani ni hati yenye hila nyingi kuliko karatasi. Upande mmoja wa sahani ya lakiri ya inchi 10 huchukua kama dakika tatu tu. Wimbo wa taarabu, ambao barazani huenda robo saa na zaidi, kila mshororo ukirudiwa na waimbaji wakitunzwa, huingizwa katika kisanduku cha dakika tatu kwa kisu. Aghalabu hubaki beti tatu au nne. Msomi anayezikuta beti nne hufanya haraka kumsifu mtungaji kwa ufupi wake, kumbe ufupi ule ni wa fundi wa mitambo. Nimesoma uhakiki wa namna hiyo, na nakiri nimepata kuuandika mwenyewe.

Hila ya pili ni ya mizani. Mwimbaji hunyosha irabu, huongeza "ee" na "wee" na "ya", hurudia nusu ya mshororo ili apate pumzi. Nilipokuwa nikiandika wimbo mmoja wa sahani za Pande, nilihesabu mizani kumi na tisa mahali ambapo sheria zataka kumi na sita, nikahukumu kwamba mtunzi ni mtu asiyejua kazi. Mzee hakusema neno. Alipiga kofi polepole kwenye paja, nane na nane, na katika kofi zile zile mizani yangu mitatu ya ziada ikapukutika kama makapi, kwa kuwa ilikuwa mapambo ya koo wala haikuwa ya shairi. Amri Abedi ametufundisha sheria za mizani katika kitabu chake cha mwaka 1954. Lakini sheria zile ziliandikwa kwa ajili ya jicho, na sikio latafuta mwalimu mwingine.

Hila ya tatu ni ya maneno yenyewe. Katika wimbo huo niliandika "kula siku", nikaweka alama ya kuuliza pembeni, nikidhani ni istiari ngeni ya kuzitafuna siku. Nikaanza hata kuipenda istiari hiyo. Mzee alicheka. "Mwanangu, hapo hakusema kula. Amesema kulla. Nani atakula siku?" Kulla ni kila kwa matamshi ya zamani, nayo imo katika kamusi za karne ya 19, niliijua machoni, sikuijua masikioni. Kama sahani ile ingalikwenda na yule mnunuzi, na mimi ningaliisikiliza katika chumba cha chuo mbali na Pande, ningalipiga chapa istiari ambayo hakuna mshairi aliyeitunga, na huenda mwanafunzi fulani angalipata shahada kwa kuifafanua.

Kwa hiyo nashikilia kwamba sahani ya santuri iliyotengwa na wasikilizaji wake ni hati nusu. Wahakiki wengine watapinga, waseme kuwa sauti iko ile ile po pote, na kwamba mashine za leo huisafisha mikwaruzo hata ikasikika kuliko siku ya kwanza. Ni kweli kuhusu mikwaruzo. Kuhusu kulla si kweli.

Liko jambo jingine zito, nalo lahusu kile kisichokuwamo sandukuni. Katika sahani zote za Pande hamna hata moja yenye sauti ya kusini. Lahaja ya Kimgao, inayotajwa na wataalamu kuwa ni ya Kilwa na pwani iliyo chini yake, haikuimbwa katika hizo kumi na moja. Jina la Kilwa lilipata kukaa juu ya sahani, maana Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa na sifa kubwa katika miaka ya 1960. Lakini ilikuwa bendi ya Dar es Salaam, ikiimba Kiswahili cha Dar es Salaam, na sahani za bendi za Tanganyika kwa kawaida zilitengenezwa kwa biashara ya Kenya. Mombasa ilikuwa na Assanand na chapa yake ya Mzuri. Nairobi ilikuwa na studio. Lindi ilikuwa na bandari na mkonge. Mfanya biashara hakufuata sauti mahali ambapo barabara ilikatika kila masika, na daraja la Mkapa juu ya Rufiji halikufunguliwa mpaka mwaka 2003. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake mwaka 1950, na sahani zake ziko katika maktaba ya Grahamstown. Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 na baadaye ikajaza kanda kwa maelfu. Huko ndiko kusini yapasa kutafutwa, katika kanda na si katika magulio, kwa sababu gulio huuza kile tu kilichopata kuuzwa.

Hapa wakusanyaji wa sahani, hata walio bora, hutupotosha bila kukusudia. Mikusanyo yao hujengwa juu ya biashara ya zamani, na msomaji asiye mwangalifu huona ramani ya biashara akadhani ni ramani ya ushairi. Unguja na Mombasa zang'aa. Kilwa na Lindi ni giza. Lakini Lindi ilimzaa Abdul Karim, na mji uliotunga tenzi ya vita haukosi kuwa na wimbo wa harusi.

Narudi kwenye sahani yenye "kulla siku", kwa kuwa kazi yake haijaisha. Karatasi yake ya katikati imeliwa na mchwa, hata jina la mwimbaji halisomeki, wala la kampuni. Iliyobaki ni nambari iliyochorwa katika lakiri karibu na tundu, nayo tarakimu mbili za mwisho zimesagika. Upande wa kwanza waishia katikati ya habari: mwanamke ametumwa barua, mchukuzi yuko njiani, na santuri imenyamaza. Upande wa pili ndio uliovunjika. Ufa umepita kutoka ukingoni hadi tunduni, na sindano huruka mahali pale pale kila inapozunguka, ikirudia silabi moja. Mzee asema aliwahi kuusikia mzima alipokuwa mtoto na kwamba barua ilifika, lakini hakumbuki iliandikwa nini. Nimeweka nakala ya upande wa kwanza pamoja na maandiko yangu katika Chuo. Msomaji aliye na sahani inayoanza kwa habari hiyo, au ambaye jamaa zake huimba beti zake, namwomba aniletee beti za upande wa pili, pamoja na nambari ya sahani yake, na jina la mahali aliposikilizia.