Mkebe Usio na Kitako

Fundi wa bustani ya gunia pale Gatwekera, Kibera, Nairobi, haanzi na udongo. Huanza na mkebe wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa, ambao kitako chake kimetolewa. Huusimamisha katikati ya gunia na kuujaza kokoto, halafu humwaga udongo uliochanganywa na samadi kuuzunguka mpaka ulingane nao. Ndipo huuvuta juu taratibu, huku akiutikisa kidogo, kokoto zibaki zimesimama. Anajaza tena, anavuta tena. Gunia likijaa, ndani mna nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu, na mkebe umerudi kwa jirani aliyeuazimisha.

Nguzo hiyo haionekani, na kazi yote imo humo. Maji yakimwagwa juu hushuka kupitia kokoto na kuufikia mche ulio kwenye tundu la ubavuni la chini kabisa. Bila nguzo, juu panakuwa tope na chini pamekauka kama majivu. Siku hizi wapo wanaojaza udongo mtupu, wanachomeka sukuma wiki juu na ubavuni, wanapiga picha. Baada ya wiki chache wanalalamika kwamba gunia ni kazi bure. Gunia halina kosa.

Mwenye ujuzi hujulikana pia kwa namna anavyochuma. Huanzia majani ya chini, akilikunja jani kwa kidole gumba mpaka likatike penye shina, na kile kichipukizi cha juu hakiguswi. Mche ukichumwa hivyo hulisha nyumba kwa miezi. Maji yaliyooshea mchele humwagiwa gunia, maana maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Majani yakishikwa na vidukari hunyunyiziwa majivu ya jikoni asubuhi, umande ukiwapo. Dania na vitunguu vya majani hukaa juu, penye jua.

Magunia yalienea sana Kibera mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimeacha reli imeng'olewa na bei za vyakula ziko juu, na shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kuwagawia wakazi miche. Mwaka huohuo kikundi cha vijana cha Youth Reform kiligeuza jaa la taka kuwa shamba la mboga. Lakini kulima hakukuletwa na wafadhili. Wanubi, wanajeshi walioishi Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na mashamba na mifugo palipo na vichochoro leo. Na Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi? Watu wazima wa huko wanakumbuka mahindi na ng'ombe wa maziwa kabla ya vyumba vya mabati vya kupangisha.

Kilichopotea zaidi ni mbegu. Akina mama waliotoka magharibi mwa Kenya walikuja Nairobi na mbegu za managu, saga, mrenda na kunde zimefungwa kwenye kitambaa, na waliacha mche mmoja au miwili ikomae kwa ajili ya msimu ujao. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, amezitafiti mboga hizo kwa miongo kadhaa na kuonyesha jinsi zilivyo na lishe nyingi. Mahoteli ya mjini yakaanza kuziuza. Ajabu ni kwamba magunia mengi yakabaki na sukuma wiki na spinachi, kwa sababu ndiyo miche iliyogawiwa, na anayepewa mche hana haja ya kutunza mbegu.

Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Husemwa kwamba uzuri wa gunia ni kuhamishika. Lakini gunia lililojaa udongo na mawe halibebwi na mama mwenye watoto, godoro na saa chache za kuondoka.

Kawangware ubomoaji ni wa polepole. Vyumba vya mabati vinatoa nafasi kwa maghorofa, ua unakuwa ngazi, na jua linaishia ghorofa ya nne. Baadhi ya wenye nyumba hawataki magunia kabisa, eti yanachafua ukuta. Mpangaji akihama, gunia hubaki, na anayemfuata hutupia humo maganda ya viazi na karatasi za nailoni.