Muulizeni Mwenye Ekicholong

Katika maduka ya vinyago ya Nairobi na minada ya Ulaya, ekicholong, kigoda cha Waturkana, huuzwa ikiwa na kikaratasi chenye maneno machache: Turkana, mti mgumu, ya kale. Mnunuzi hutaka mambo mawili tu, mtindo na umri, na muuzaji humpa yote mawili bila kusita. Lakini mjini Lodwar, ambako bado utamwona mzee akipita barabarani na ekicholong yake ikining'inia mkononi kwa ukanda wa ngozi, neno hilo la kale halina kazi. Kile ni kiti chake cha leo, na usiku kitakuwa mto wake. Nashikilia kwamba kikaratasi kile, mara nyingi, ni kukisia tu. Umbo la ekicholong halitaji mwaka, na kabila hulitaja kwa shida. Anayejua ni yule aliyeichonga au kuirithi, na sisi huichukua ekicholong tukamwacha yeye na maelezo yake chini ya mti.

Kwanza ieleweke ni ustadi wa namna gani unaopimwa hapa. Ekicholong hutoka katika kipande kimoja cha mti, bila gundi wala kiungo, na kwa desturi mwanamume wa Kiturkana hujichongea yake mwenyewe. Kazi huanza kabla ya shoka kugusa gogo, kwa sababu mchongaji hutafuta kwanza tawi au panda ambamo miguu imekwisha kuwamo, kisha huondoa tu kisichotakiwa. Kiti lazima kiwe chepesi, maana mchungaji hutembea nacho siku nzima nyuma ya mifugo. Lazima pia kiwe imara, maana atakikalia mchangani na juu ya mawe. Sehemu ya juu huachwa na mbonyeo mdogo unaopokea shingo, ili kichwa kisiguse ardhi. Zamani kichwa hicho kilikuwa na nywele zilizokandikwa udongo, zikapakwa rangi na kuchomekwa manyoya ya mbuni, pambo la kazi nyingi ambalo usingizi wa usiku mmoja juu ya mchanga ungeliharibu. Mbonyeo ule, basi, ulichongwa kwa shingo moja. Kisha mafuta ya mwili, jasho na udongo wa kichwani vikaukamilisha kwa miaka, mpaka mti ukang'aa kwa namna ambayo hakuna tupa inayoweza kuiga. Hapa matumizi yenyewe ni nusu ya uchongaji, nalo ni jambo ambalo fundi wa samani za kiwandani hawezi kulidai.

Sasa tuje kwenye mtindo. Waturkana, Wakaramojong, Wajie, Watoposa na Wanyangatom ni ndugu kwa lugha, na kwa vizazi wameoana, wamebadilishana mali na kuporana ng'ombe. Mito ya kichwa yao imevuka mipaka pamoja nao. Wapokot wana ya kwao, na Wasomali wana ya kwao iliyotiwa nakshi za kusukana. Ipo tofauti ya jumla, hilo nalikubali, lakini si tofauti ya kuapia mbele ya kipande kimoja kilichookotwa sokoni. Mahali kilipopatikana napo hapasaidii sana. Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa mwaka 1992, imekusanya watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia na kwingineko, wengi wao wakitoka kwenye jamii zinazochonga mito kama hii. Kilichonunuliwa Kakuma kinaweza kuwa kimechongwa mbali sana na Kakuma. Wachunguzi wa kiti cha enzi cha Lamu angalau wana pa kuanzia: kamba zilizosukwa, vipande vya mifupa na pembe vilivyopachikwa, na samani za Ureno, Misri na India za kulinganisha. Ekicholong haina pambo la kuazima. Mito ya kichwa ya namna hiyo ilikutwa hata katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922. Umbo lililodumu kwa maelfu ya miaka haliwezi kukwambia kama kiti hiki ni cha babu au cha mjukuu.

Atasema mtu kwamba zipo alama nyingine. Kipande cha alumini kilichopachikwa ubavuni, msumari, au ukanda wa nailoni badala ya ngozi, hivyo vyote vina wakati wake. Ni kweli, na macho makini huviangalia kwanza. Lakini ukanda hukatika ukabadilishwa, na pambo huongezwa na mtoto aliyerithi, kwa hiyo alama ya jana yaweza kukaa juu ya mti wa juzi. Mng'ao nao huigwa kwa rangi ya viatu na moshi, na biashara ya vinyago inalijua hilo vizuri. Wengine watakimbilia maabara. Kipimo cha kaboni huweza kutenga mti uliokua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950, ila kwa mti wa karne tatu zilizotangulia majibu yake huingiliana. Isitoshe, hupima wakati mti ulipokua, si siku ulipochongwa, na katika ukavu wa Turkana gogo lililokufa laweza kulala miaka mingi kabla ya kuokotwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakusanyaji wameokoa vitu ambavyo vingeoza au kuchomwa. Hilo lina haki yake. Mkusanyaji Alan Donovan alikuwa amekusanya kazi za Waturkana kabla yeye na Joseph Murumbi hawajafungua jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi mwaka 1972, na Wakenya wengi walijifunza huko kuzitazama kwa heshima. Zimo pia katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na British Museum, London. Lakini kuokoa mti bila kuandika jina la mchongaji ni kuokoa nusu. Wakati wa ukoloni, Turkana ilipokuwa wilaya iliyofungwa, waliopita na kuchukua walikuwa hasa maofisa na askari, na kilichobaki kwenye rejista mara nyingi ni jina la ofisa. Sisi wenyewe leo hatufanyi vizuri kuliko wao. Kiti cha plastiki kimeingia barazani, miti inaishia kwenye magunia ya makaa, kijana anayelalia mto wa sponji hana sababu ya kujua panda ipi inafaa, na mzee akifa ekicholong yake huuzwa bei ya chakula cha siku mbili.

Ombi langu kwa familia za Turkana, na kwa serikali ya kaunti inayoandaa tamasha la Tobong'u Lore pale Lodwar, ni dogo. Kabla ekicholong haijatoka mkononi, andikeni nani aliichonga, kwa mti gani, wapi, na ilirithiwa na nani. Wazee wenye majibu hayo wangali hai. Waulizeni mwaka huu.