Moto juu ya kaduara: alama inayotupotosha
Mfuko wa amoniamu naitreti hubeba alama ya moto juu ya kaduara. Ukiisoma "hiki kinawaka", si kosa lako: mchoro wenyewe ni dhaifu. Unafanana mno na ule wa petroli, tofauti ni hako kaduara tu! Chumvi hii yenyewe haiwaki. Hutoa oksijeni, ikauchochea moto wa jirani. Ndiyo maana kuufukia kwa mchanga hakufai, yanatakiwa maji mengi.

CAN ya kahawa na mahindi pale Mbinga huchanganywa na chokaa, kwa hiyo haina ukali wa zile tani 2,750 za Beirut, mwaka 2020. Sawa, lakini je, stoo yako ina nini kingine? Dizeli ya mashine ya kusaga? Petroli ya boti, kama uko Mbamba Bay? Alama iko kimya kabisa. Mimi ningeiandikia chini yake, kwa Kiswahili: "Hulisha moto. Tenga na mafuta."