Heko, wenyeji wa Tsumago

Bonde la mto Kiso, katikati ya Japani, lina miji midogo iliyozaliwa na barabara. Nakasendo, njia ya kale kati ya Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto, ilikuwa na vituo 69 vya wasafiri, na 11 kati yake vilikuwa humu bondeni. Tsumago ni mojawapo. Reli ilipokuja, ikaipita kando. Mji ukadorora, vijana wakahama. Ufukara huo ndio ulionusuru nyumba za mbao: nani angekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya?

Lakini siwapongezi kwa bahati. Ukarabati ulianza mwaka 1968, na mwaka 1971 wenyeji wakawekeana mwiko: nyumba haiuzwi, haipangishwi, haibomolewi. Huo ndio ushujaa wenyewe, maana wageni walikwisha anza kumiminika na vishawishi vilikuwepo. Nyaya za umeme zimefichwa, na mchana magari hayapiti barabara kuu.

Ukienda, tembea kwa miguu kutoka Magome, alikozaliwa mwandishi Shimazaki Toson. Ni kilomita 8 hivi za msitu na maporomoko ya maji. Njiani zimetundikwa kengele za kufukuzia dubu. Zigonge bila aibu.