Jitu si zimwi: Tatizo la kutafsiri Jotunheim

JUMAMOSI iliyopita nikiwa barazani kwa dadangu Mishomoroni, mwanawe aliye sekondari alinionyesha tafsiri aliyopewa kama kazi ya shule. Ni visa vya Wanorse, watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya. Jotunheim, makao ya maadui wa miungu, alikuwa amekuita "Nchi ya Majitu". Kisha akaniuliza: "Mjomba, kama Gerd ni jitu, Frey alimuoa vipi? Nyumba gani itamuweka?"

Swali hilo liliikosoa tafsiri kuliko kalamu nyekundu. Jitu ni mtu aliyekuzwa na kiambishi ji-, kama nyumba inavyozaa jumba. Neno linapima kimo. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913, ni jitu kwa maana hiyo: pandikizi la mtu, mwenye mama, mwana na mji.

"Jötunn" la Wanorse halipimi kimo. Katika Edda ya Snorri Sturluson, iliyoandikwa Iceland yapata mwaka 1220, yumo Skrymir, ambaye glavu yake Thor aliingia kulala akidhani ni nyumba. Lakini yumo pia Gerd, ambaye uzuri wake ulimkosesha Frey usingizi. Isitoshe, Bestla, mamake Odin mwenyewe, ni wa ukoo huohuo. Wataalamu wengi hulihusisha neno hilo na kitenzi cha kula. Mlaji, basi.

Na mlaji wetu ni nani, kama si zimwi? Tunaposema zimwi likujualo halikuli likakwisha, hatutaji urefu hata kidogo. Tunataja kula, na kujuana. Miungu wa Wanorse na maadui wao walijuana hadi wakaoana.

Sasa makao yao tuyaiteje? Zimwi, au zimu, ni ndugu wa mzimu na kuzimu, kwa hivyo kuna kishawishi cha kuandika "Kuzimu". Sikubaliani nacho. Kuzimu ni chini, kwa wafu, na Wanorse wana Hel kwa kazi hiyo. Jotunheim iko ng'ambo ya mto Ifing, ambao maji yake hayagandi kamwe. Mimi ningeandika "Uzimwini". Najua linakwaruza sikio.

Kijana alilitamka mara mbili, akacheka. "Hili mwalimu atalikata, Mjomba."

Huenda. Nilimwambia aliandike vivyo hivyo, na pembeni aeleze sababu.