Kivugo cha Mchezaji: Nani Aseme kwa Niaba ya Nani?

Michezo ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma, lugha na fasihi. Kwa sababu hiyo, maneno yasemwayo juu ya michezo yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi au tamthilia. Balozi anaposimama ugenini kuyanadi mashindano ya kimataifa, au kuwasifu wanamichezo wenye ulemavu wa nchi yake, kwa hakika anasimulia hadithi: ina shujaa, ina tukio, na ina funzo. Katika insha hii tutaipima hadithi hiyo kwa kipimo kinachopatikana katika fasihi simulizi ya Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012.

Kipimo hicho ni kivugo, yaani majigambo. Kwa Wanyambo, kama ilivyo kwa Wahaya jirani zao, mwenye kujigamba husimama mwenyewe mbele ya hadhara. Zamani alisimama mbele ya mtawala. Baadaye ikawa zaidi katika harusi na sherehe. Hutaja jina lake, hutaja ukoo wake, kisha huhesabu matendo yake. Ndani ya sanaa hii zimo kanuni mbili. Kwanza, mwenye tendo ndiye msemaji. Pili, sifa hujengwa juu ya tendo, wala haijengwi juu ya huruma ya wasikilizaji.

Sasa tuitazame hadithi mashuhuri kuliko zote katika michezo yetu, ile ya John Stephen Akhwari. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, Akhwari alianguka akaumia goti, lakini akaendelea hadi mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hadithi hii imesafiri dunia nzima. Mwaka 2008, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam, Akhwari alikuwa miongoni mwa walioubeba. Ni hadithi njema, nasi twajivunia. Lakini wasimulizi wengi huishia kwenye bandeji. Ni wangapi wanaoeleza kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akashika nafasi ya tano? Jeraha limemmeza mkimbiaji. Kwa kanuni ya kivugo, hadithi hiyo ni nusu tu.

Kasoro hiyo huwa kubwa zaidi pale msimulizi anapowazungumzia watu wenye ulemavu. Mwishoni mwa mwaka 2021 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya Afrika ya soka la watu waliokatwa viungo. Timu yetu, Tembo Warriors, ilipata nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, nayo ikafika robo fainali. Mara nyingi habari kama hiyo hupambwa kwa maneno ya kusikitikia maumbile na kusifu uvumilivu. Mchezo wenyewe hausemwi. Uwanjani huwapo wachezaji saba kila upande. Wale wa ndani hucheza kwa mguu mmoja na magongo mawili. Golikipa hucheza kwa mkono mmoja. Gongo likiugusa mpira kwa makusudi, ni kosa sawa na kuunawa. Mchezaji hana budi kuutua mwili juu ya mikono, kuuzungusha na kupiga kwa mguu ule ule anaousimamia. Huo ni ufundi. Mtazamaji aliyefundishwa kuhurumia tu hawezi kuuona.

Lugha nayo ina lawama yake. Kwa miaka mingi tulisema “wasiojiweza”, tukawahukumu watu kabla hawajaingia uwanjani. Neno “kilema” nalo limewaweka katika ngeli moja na kiti na kikapu. Mwalimu wa Kiswahili anayelieleza jambo hili darasani hafundishi sarufi peke yake.

Hatusemi mabalozi wanyamaze. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo ule ulikuwa wa haki. Lakini Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Taifa lilisema, na mchezaji akalipa. Kwa hiyo taifa linalosema kupitia mwili wa mchezaji lina deni kwake.

Deni hilo hulipwa nyumbani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 30 unataja haki ya kushiriki michezo. Haki hiyo haina budi kufika Nkwenda na Nyaishozi, katika nchi ya vilima na migomba, ambako msimu wa mvua gongo huzama katika tope na njia ya kwenda shule ni mteremko na mwinuko. Kijana anayetembelea magongo hapo anahitaji kipande cha ardhi kilichosawazishwa, mpira, na mwalimu anayezijua kanuni. Pasipo hayo, hotuba ya balozi, hata iwe fasaha namna gani, ni kivugo cha mtu asiyekwenda vitani.

Yafaa basi walimu wa Karagwe na Kyerwa wawape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja atunge kivugo cha mchezo wake mwenyewe, na mwanafunzi mwenye ulemavu atunge cha kwake kwa kinywa chake. Kabla ya kutunga, apewe nafasi ya kucheza, kwa maana kivugo kisicho na tendo ni uongo. Balozi naye, atakapotaka kulisifu taifa, atakuwa na msemaji wa kumpisha jukwaani.